Cha Mvunguni

Jengo letu lilikuwa kiwanda cha pamba.
Matofali mekundu yamebaki, na madirisha marefu
yaliyotobolewa ili nuru iangukie nyuzi, si watu.
Ghorofa ya tatu, pale vitanda vya wafumi viliponguruma
hata wanawake wakasemezana kwa midomo bila sauti,
leo kuna zulia la kijivu, meza arobaini,
na mimi, Jagna, mhakiki wa madai ya bima,
nasoma magari yaliyogongana mjini Łódź
tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi.

Bibi yangu Wacława alisimama humu miaka thelathini na mmoja.
Alisimama. Kiti kilikuwa cha msimamizi.
Jioni alitia nyayo katika beseni la maji ya chumvi,
mishipa imemvimba nyuma ya magoti,
akanitazama nikichora sakafuni:
"Mungu akujalie kazi ya kukaa."

Dua ikakubaliwa.
Nimekaa.
Nimekaa mpaka kiti kimejifunza umbo langu
nami nimejifunza la kiti.
Shingo imetangulia mwili
kama mtu anayechungulia mwisho wa foleni.
Mabega yamepanda kusikiliza masikio yanasema nini.
Na kushoto, chini ya mfupa wa bega,
pana mahali padogo, sawa na sarafu ya groszi tano,
panapowaka kila ifikapo saa tano na nusu.
Saa ya mkononi niliacha kuivaa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Haya, nimeinama miaka tisa.
Ndani ya kioo hiki nimeona bampa, taa zilizopasuka,
sahihi za watu wenye hasira.
Cha mvunguni, bado.

Bwana Ziemowit, mkandaji, mikono inanuka kafuri,
alinipitishia kidole gumba mgongoni, pingili kwa pingili,
kama anayesali rozari kwa haraka.
"Huna ugonjwa," akasema. "Una tabia."
Akaniandikia neno moja kwenye karatasi ya dawa: inuka.

Siku ya kwanza niliona haya,
kama mtu anayetoka kanisani kabla ya komunyo.
Gniewko wa meza ya pili aliuliza kama tumbo linanisumbua.
Sasa karatasi zangu nazichapa ghorofa ya chini, makusudi,
ngazi ishirini na sita za chuma, zile zile za bibi.
Skrini nimeipandisha juu ya juzuu tatu za sheria ya kodi;
mwishowe zimemsaidia mtu.
Nyayo sakafuni. Kidevu nyuma.
Nasahau. Nakumbuka. Nasahau.

Jumanne, theluji ikichuruzika kwenye vioo,
nilikwenda hadi dirisha la nne,
nikanyoosha mikono juu mpaka mbavu zikateta,
kisha nikainama, taratibu,
vidole vikagusa zulia.

Chini ya zulia palikuwa na shimo.
Nikalipapasa: la duara, kina chake pingili ya kidole.
Hatua mbili mbele, jingine.
Yote manne.
Hapa kilifungwa kwa parafujo kitanda cha mfumi,
na mimi nipo mvunguni mwake.
Pengine kilikuwa chake. Pengine cha mwanamke mwingine
aliyemwombea mjukuu mwingine.

Sikuinuka upesi.
Damu ilinishukia usoni,
mgongo ukaning'inia wenyewe, kitambaa kilichotoka kufumwa,
na pale pa groszi tano pakapoa. Kidogo, si sana.

"Umepoteza kitu?" akauliza Gniewko.
Nikamwambia aje ajipapasie.
Akaja akinung'unika kwamba magoti yamekaza,
tai ikamfunika pua,
tukawa wawili, matako juu, mbele ya ofisi nzima.
Simu mezani kwangu ikaanza kulia.
Tukaiacha ilie.